Redio Yetu Inaishia Darajani

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, daktari anaendelea kukukataza ngazi, na wewe unaendelea kuzipanda. Mimi mzima. Baridi ya huku inamtafuta mtu hadi kwenye mifupa, lakini chumba chetu cha kufulia kina mvuke, kwa hiyo nusu ya siku naganda na nusu natokota. Bado tunafua shuka za hospitali nzima. Zikiisha, zinakuja nyingine.

Mdogo wangu ameniambia kamati ya redio inabishana kama mrushe matangazo mtandaoni, na kwamba aliyekanyaga breki ni wewe. Sikuamini. Wewe, ambaye tangu nikujue hujawahi kukataa kusikilizwa?

Humu kazini kila mtu ana sikio moja hapa na jingine kwao. Yule wa mashine ya kukaushia anasikiliza kituo kidogo cha kijijini kwao, na juzi alicheka mpaka akakalia kapu la shuka chafu. Kumuuliza, eti mbuzi kaingia studio wakati wa taarifa ya habari. Mama wa meza ya pasi anasikiliza nyimbo za kwao na kufuta macho kwa kiwiko. Mimi sikio langu la pili halina kazi.

Shangazi, hili nitalisema mara moja tu. Baba alipofariki, tangazo ulilisoma wewe, dada yake. Nasikia bonde zima lilinyamaza. Muuza mkaa alilisikia. Watu waliokuwa wamekosana naye walilisikia. Mimi mwanawe nilisoma meseji nikiwa nimeshika foronya.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao


14 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Goti ni goti, linajua mvua kabla ya watabiri wa hali ya hewa. Wengine wote wazima, na mdogo wako mzima kupita kiasi, maana ana muda wa kukupelekea habari za kamati. Usishangae kwamba nakuandikia badala ya kupiga simu. Mdomo wangu ni wa kazi. Ukifika nyumbani unadai likizo.

Uliondoka tukiwa bado tunaahidiwa chumba. Sasa tunacho, juu ya mashine ya kusaga ya Bwana Pumba. Kuta tumezipigilia trei za mayai ili sauti isirudi, na bado akiwasha mashine meza inatetemeka, wasikilizaji wanajua kuna mtu kaleta mahindi. Mnara uko mlimani, nyuma ya shule. Mawimbi yetu yanafika mpaka darajani. Ukivuka daraja tu, sauti yangu inakuwa kama mtu anayekaanga kitu.

Kamati inasema hiyo ni kasoro. Mimi naona ni ukuta, na nyumba bila ukuta ni uwanja. Kwenye Kipindi cha Salamu watu wanapiga simu na kusema mambo. Kinyozi alimwomba mkewe radhi hewani, na mkewe akapiga simu hapo hapo kusema amesikia ila bado anafikiria. Mkulima mmoja alitangaza kwamba ameacha pombe. Kila muuzaji alisikia, na tangu siku ile hakuna anayemuuzia hata akibembeleza. Unadhani wangesema hivyo kama wangejua mtu wasiyemjua, katika nchi wasiyoijua, anawasikiliza huku anakunywa chai? Mtu huzungumza kwa kumpima anayemsikia.

Yuko fundi wetu wa cherehani, tunamwita Mama Pindo. Alikuja hapa na watoto wawili na fuko moja. Hatukumuuliza alikotoka, naye hakusema. Mwanzoni alikuwa ananong'ona hata anapokupima kiuno. Siku hizi kila Ijumaa anapiga simu kusalimia watu, na kicheko chake, mwanangu, ni kama mtu kamwaga kopo la vifungo sakafuni. Kicheko kile kimeota humu bondeni. Sijui kama kinahimili kuhamishwa.

Kuhusu baba yako sitakujibu leo. Nimeanza mstari huo mara nyingi, nikaufuta.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na soksi navaa.

Unasema anayesikiliza ni mtu msiyemjua. Mimi unanijua. Ulikuwa unanikata kucha nikiwa nimelala kwa sababu nikiwa macho nilikuwa nakukimbia. Basi mtu akishavuka daraja anakuwa mgeni? Huo ukuta mliujenga nikiwa ndani au nikiwa nje?

Sina zaidi. Salamu kwa wote.

Mtoto wa kaka yako


9 Aprili

Mtoto wa kaka yangu (naona umebadilisha saini, ujumbe umefika),

Habari za huko? Hapa kwema. Mvua imeanza, ngazi za studio zinateleza, na goti limepata la kusema.

Barua yako nilikaa nayo. Niliiweka chini ya redio, nikaitoa, nikairudisha. Kisha kamati ikakaa tena. Bwana Pumba akasema dunia nzima iko mtandaoni, sisi tu ndio tumebaki na mnara kama kuku anayenyoosha shingo. Mwalimu akasema tufikirie kwanza. Kila mtu akanigeukia. Nikainua mkono wangu, nikasema, "Rusheni." Bwana Pumba alipiga makofi kama yuko arusini.

Fundi Waya, anayeshughulikia mitambo yetu, amefunga kisanduku kidogo chenye taa ya kijani pembeni ya maikrofoni. Mimi nakiangalia kama unavyomwangalia mkwe mpya. Kuanzia Jumatatu mtatusikia. Anwani atakutumia mdogo wako, maana hiyo si kazi ya vidole vyangu.

Ukinisikia nimekosea kusoma, usiniandikie.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo mara nyingi! Uhali gani? Goti, ngazi, mvua, vyote? Mimi ni mzima mpaka wenzangu wananiuliza nimekula nini.

Nimekusikia. Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka na mwenzangu ncha mbili, tunakunja, mara mngurumo ukaanza masikioni, nikadhani simu imeharibika. Ukasema, "Mahindi yamefika, tuvumiliane." Nikaachia shuka. Mwenzangu akanitukana kwa lugha yao, nami nikamcheka kwa yetu.

Nimesikia bei za sokoni. Nimesikia kwamba ng'ombe mwenye doa kwenye paji amepotea, na kesho yake kwamba amepatikana kwenye bustani ya mwalimu. Nilisikia tangazo la kifo cha yule mwashi mzee aliyejenga nyumba ya babu. Nilisimama, Shangazi. Hapo katikati ya makapu, nilisimama kama mtu mwingine yeyote wa bondeni. Sikujua kama nilikuwa namsimamia yeye peke yake.

Na Ijumaa nikamsikia Mama Pindo. Simu yangu ilikuwa mezani imewashwa kwa sauti. Mama wa meza ya pasi, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili, akaweka pasi pembeni na kunionyesha kwa ishara: huyo nani? Kisha naye akacheka. Ulikuwa sahihi kuhusu vifungo.

Ahsante. Najua hukupenda.

Mwanao


5 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Afya zenu? Safari hii nauliza kweli, si kwa mazoea, naomba unijibu.

Jumatano nilikuwa kwenye mashine nakusikiliza ukisoma bei. Mlango ukafunguliwa, mtu akasema jambo mbali na maikrofoni. Ukaziacha bei katikati. Kisha ukasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako: "Wasikilizaji, fundi wetu wa cherehani ana mgeni asiyemtaka, na mlango umefungwa kwa ndani. Aliye karibu afike. Aliye mbali aombe."

Nilivua glavu, Shangazi. Nilifika mpaka mlango wa kutokea ndipo akili ikanirudia. Ningefika wapi?

Halafu kiti kikaburuzwa, na hatua zako kwenye ngazi, na lile goti. Mashine ya kusaga ikazimwa. Nikabaki nasikiliza chumba kitupu. Sijui kwa muda gani. Msimamizi alinigusa bega. Jioni nilipofungua tena hapakuwa na kitu, na tangu hapo naangalia kiduara kinachozunguka kwenye simu. Mdogo wangu anasema, "Shangazi atakuandikia mwenyewe."

Niandikie.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu,

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Sote tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unalotaka kwanza.

Aliyefungua mlango wa studio alikuwa mshona viatu, yule anayekaa mkabala na duka la Mama Pindo. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi. Akaniambia, "Kuna mwanamume ameingia kwa Mama Pindo akafunga mlango. Nimesikia kitu kimeanguka." Kituo cha polisi, unajua, kiko ng'ambo ya daraja. Mbele yangu palikuwa na maikrofoni. Nikasema yale uliyoyasikia.

Bwana Pumba alizima mashine foleni ikiwa imefika barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, hata mazishi. Ule ukimya ndio uliowatoa watu waliokuwa hawana redio. Nilipofika, nilikuta duka limezungukwa. Kinyozi alikuwepo na mashine yake ya kunyolea, na mteja wake nusu kichwa kimenyolewa, kitambaa bado shingoni. Wanawake kutoka kwenye foleni walikuwa wameshika madebe matupu, na waliokwisha kusagiwa walikuwa na unga mpaka kwenye kope. Seremala alikuja na ubao, akaambiwa auweke chini, akauweka.

Hakuna aliyevunja mlango. Mwanamke mmoja alisema, "Hodi." Mwingine akasema, "Hodi, Mama Pindo." Kisha wote. Mwanangu, nimeishi miaka yangu yote nikisikia hodi za mtu mmoja mmoja. Hodi ya watu wote wale kwa pamoja inatingisha bati.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, si wa kutisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Akatutazama kama sisi ndio tuliokosea nyumba.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Nimemtafuta kila mahali. Nikafikiri amekufa. Kumbe yuko redioni, anacheka."

"Ulimsikia wapi?" nikamuuliza.

"Kwani nyinyi hamko mtandaoni?"

Mama Pindo alikuwa nyuma yake, amekaa sakafuni, cherehani imepinduka, shavu limeanza kuvimba. Mkasi ulikuwa mkononi mwake na alikuwa ameushika kwa upande wa makali, mwenyewe hajui. Wanawake waliingia, wakaufungua ule mkono kidole kimoja kimoja.

Bwana Pumba na seremala walimsindikiza yule bwana hadi kituoni, mmoja kulia mmoja kushoto, na nyuma yao nusu ya mji. Polisi wamemshikilia. Kama alisikia mwenyewe, au aliletewa habari na mtu, hatujui.

Mama Pindo na wanawe wako kwangu. Anakula, anaosha vyombo, anasema ahsante. Ananong'ona.

Siku ile ile nilipanda ngazi nikauvuta ule waya mwenyewe. Fundi Waya alisema kuna utaratibu wa kuzima. Nikamwambia huo ndio utaratibu.

Sikulaumu. Mkono ulioinuliwa kwenye kamati ulikuwa wangu. Lakini nakuomba usiniandikie haraka. Ngoja kwanza.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi,

Najua umesema ningoje. Shikamoo, pole, na umpe pole Mama Pindo ingawa hanijui.

Ni moja tu. Nimekuwa nikifikiri kwamba mimi na yule bwana tulikuwa tumekaa kwenye dirisha moja, tunasikiliza kicheko kile kile Ijumaa ile ile. Mimi kilinifurahisha, yeye kikampa njia. Na wewe ndani usingeweza kututofautisha.

Msiirudishe. Nitazoea.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Mvua zimekata, vumbi limerudi, goti linapumzika. Mdogo wako amepata kikohozi lakini hakijamzuia kusema.

Barua yako fupi, pamoja na ile ya glavu, nilizisoma mbele ya kamati. Sikukuomba ruhusa, ila nilijua ungekubali. Tulikutana kwenye uwanja wa mashine ya kusaga kwa sababu chumba kisingetosha. Kila mtu alikuwa na neno. Mwalimu alisema tufunge moja kwa moja: redio ya bonde ni ya bonde. Mjane wa mwashi akasimama. Huyu mama hasemi hadharani. Alisema, "Mwanangu alisikia kifo cha baba yake kwa sauti ya dada huyu, saa ile ile tuliyosikia sisi. Alinipigia akilia, tukalia pamoja. Mkifunga, mjue mnamfungia nani."

Nilimfikiria baba yako. Siku ile niliposoma tangazo lake nilijitahidi sauti isitetemeke, kwa sababu nilikuwa najiambia wewe huko hunisikii, kwa hiyo hakuna wa kunisamehe nikivunjika. Ndiyo hayo niliyokuwa nayafuta kwenye barua ya Februari.

Basi tukabishana. Wa kufungua, wa kufunga, sauti zikapanda. Mpaka mtu akagonga debe. Alikuwa Mama Pindo. Hatukujua kama amekuja. Tulidhani amebaki nyumbani na watoto.

"Mnanipima bila kuniita," alisema. "Hata kitambaa kinawekwa mezani kwanza."

Akaliweka debe chini.

"Mimi sikukimbilia ukuta. Nilikimbilia watu, na siku ile watu walifika. Yule aliyewasikia kwa mbali angeweza kufanya nini? Mpwa wa dada huyu alivua glavu, akarudi kazini. Simlaumu. Lakini nina neno na nyinyi. Siku mlipofungua dirisha, hakuna aliyekuja dukani kuniambia, 'Mama, kuanzia leo dirisha liko wazi.' Ningejua, ningechagua mwenyewe kama nicheke au nisicheke. Mlinichagulia."

Alikuwa anatuambia sote, lakini alikuwa ananitazama mimi. Nami ndiye niliyekuwa naongea nawe kuhusu kicheko chake tangu Februari, kama ua la kwangu, na sikuwahi kuongea naye mwenyewe.

Mwalimu akamuuliza, kwa upole, "Sasa unataka tufanyeje?"

"Vifo virusheni. Bei, habari, nyimbo, ng'ombe aliyepotea, virusheni. Walio mbali wana haki ya kulia na sisi. Salamu zibaki hapa. Na anayepiga simu kipindi chochote kile, aambiwe kwanza sauti yake inafika wapi. Siku nikitaka dunia inisikie nitapanda ngazi niwaambie."

Ndivyo tulivyokubaliana. Bwana Pumba alinung'unika kwamba redio nusu nusu haijawahi kuonekana, mjane wa mwashi akamwambia hata yeye kazi yake inaishia nusu, anasaga mahindi ya watu bila kuuliza wanapika nini. Nimeurudisha waya. Taa ya kijani inawaka, na inapofika saa ya salamu Fundi Waya anaizima, na huko kwenu mnapigiwa muziki.

Kwa hiyo utanikosa saa ile, mwanangu, na ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa nataka uniambie kama ni sawa, halafu nikaona si haki kukuuliza.

Kesi imetajwa kwa mara ya kwanza. Mama Pindo alikwenda na wanawake wa mashineni, wakajaza gari zima, hakimu akauliza kama ni msiba. Amerudi dukani. Hacheki bado. Ila juzi alimpima Bwana Pumba tumbo, tepu ikagoma kukutana, nikamwona amegeuka ukutani, mkono mdomoni.

Kula vizuri.

Shangazi yako


11 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za goti, na za kikohozi cha mdogo wangu? Mimi sasa ni mzima, na nasema sasa kwa sababu kabla ya hapa sikuwa.

Nilishikwa na homa. Nilijilaza chumbani nikiwa nimefunga mapazia, redio yenu ikiwa kwenye simu, simu kwenye mto. Nilikusikia ukisoma bei, nikasikia mashine ya kusaga, nikasikia mtu amepoteza funguo karibu na kisima. Sauti yako ilikuwa hapa hapa shingoni na hukujua kwamba naumwa, wala sikuwa na nguvu ya kukuambia. Nilikunywa maji yakaisha. Bomba liko mwisho wa korido, nikaliona kama liko nchi nyingine.

Aliyegonga alikuwa mama wa meza ya pasi. Alikuwa ameuliza kazini, akapewa anwani, akapanda ngazi zote zile na begi lenye maji na supu. Hakuwa amewahi kufika kwangu. Alisimama mlangoni akasema jambo kwa lugha yake, na kwa jinsi alivyolisema nikajua ni hodi. Alikaa mpaka homa ikashuka. Siku ya pili akaja yule wa mashine ya kukaushia, niliyemwachia shuka, akanisimulia habari za mbuzi wao wa studio mpaka nikalala.

Nimefanya kazi na watu hawa muda mrefu, Shangazi, na nilikuwa sijui huyu mama ana watoto wangapi. Ana mmoja, yuko mbali naye, kama mimi nilivyo mbali nanyi.

Kwa hiyo inapofika saa ya salamu kwenu, na muziki ukaanza, sisi huku ni mapumziko ya chai. Ninatoa vile vya masikioni naviweka mfukoni. Nakaa nao. Bado najifunza kuwasalimia, wananicheka matamshi. Sikuambii kwamba sioni wivu. Naona. Kinyozi na mkewe wamefikia wapi sijui, na sitajua mpaka mtu aniandikie.

Ila naomba kitu. Ijumaa, baada ya wengine wote, nisomee salamu hizi kwenye kipindi nisichokisikia:

"Mfua shuka wa ng'ambo anamsalimia mjane wa mwashi, na mwanawe popote alipo. Anamsalimia mshona viatu aliyepanda ngazi. Anawasalimia wanawake wa mashineni, kinyozi, na yule mteja wa nusu kichwa. Anamsalimia fundi wa cherehani, naye hadai salamu irudi. Na anamsalimia dada wa marehemu baba yake, anayesoma salamu hizi. Anamwambia: hata ukivunjika sauti, wanaokusikia ni wale wanaoweza kufika."

Mwanao